Mwaka Tuliotafuta Pua za Moshi

Jumatano, wiki ya pili ya Mei. Mvua imenyesha tangu alfajiri, si ile ya kishindo, ni ile nyembamba isiyojua kuaga, na njia ya kutoka Mitole imekuwa uji mtupu. Nimefika Lindi alasiri kutoka kwenye arobaini ya Fundi Nassoro. Somoe, mwenzangu wa kazini zamani, nimerudi naye. Gari la kwao Nyangamara tulilikuta limeshaondoka, kwa hiyo atalala hapa. Sasa yuko jikoni na mkwe wangu, nawasikia wanabishana juu ya chumvi. Mimi nimekaa mezani na kalamu. Nimechoka, na uchovu wenyewe si wa safari. Shule yangu iliishia kidato cha pili, na kila nikianza kuandika jambo la maana naona kama nimevaa nguo ya mtu mwingine. Lakini kuna neno limesemwa leo kule msibani, nami nikanyamaza, na mpaka sasa sijui kama kunyamaza kule kulikuwa adabu au uoga.

Aliyesema ni Yusufu, mtoto mkubwa wa marehemu. Baada ya dua, sinia zikiwa bado hazijaletwa, alisimama akaeleza watu habari za baba yake, na alieleza vizuri, maana sauti anayo. Alisema: "Wengine hapa hawajui. Baba yangu aliokoa kina mama wa kiwanda kizima cha korosho. Aliweka pua darini, zikanusa moto kabla hajauona binadamu yeyote, kengele ikalia, wote wakatoka." Watu wakamwombea rehema. Somoe alikuwa ubavuni kwangu kwenye mkeka, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanga. Hakunitazama. Mimi nilikuwepo kiwandani mwaka ule, na naweza kusema kwa haki kwamba karibu kila alichosema Yusufu ni kweli, ila lile moja la katikati.

Kiwanda kilikuwa pembeni ya mji, njia ya kwenda mashambani. Leo ni kuta na popo. Wakati ule kilikuwa na ukumbi mrefu wa nyuma ambamo sisi wanawake tulikaa tukibangua na kumenya, na kutoka ukumbini mpaka geti kulikuwa na ujia mmoja tu. Katikati ya ujia huo, mkono wa kushoto, ndiko kilikokuwa chumba cha maganda. Ganda la korosho lina mafuta yake, meusi, yanayochubua vidole, na likishika moto moshi wake hauna mzaha. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi, hata mimi niliielewa: chumba kile kikiwaka na ukumbi usijue mapema, njia imefungwa. Madirisha ya ukumbi yalikuwa na nondo, kwa sababu ya wizi, na siwalaumu waliozitia, wizi ulikuwepo.

Kilichotakiwa kutuambia mapema ni mtambo wa kengele uliofungwa zamani, kabla sijazaliwa pengine. Lilikuwa sanduku la chuma ukutani, chini ya ngazi, lenye vitaa vidogo, kila chumba na kitaa chake. Nyaya zilitoka pale zikapanda darini, na darini kulikuwa na vile visahani vilivyofunikwa, vya kunusa moshi, ambavyo kiwanda kizima kiliviita pua. Na kwenye kuta za ujia kulikuwa na visanduku vyekundu vyenye kioo. Ukikivunja kioo, kengele inalia bila kungoja pua. Fundi Nassoro ndiye aliyeuhudumia mtambo huo. Alikuwa mtu mfupi, wa Mitole, mwenye kikohozi cha kudumu na shati lililotiwa viraka kwa uzi wa rangi nyingine. Alinichukua kutoka mstari wa kumenya kwa sababu kifua changu kilikuwa kimeanza kukataa vumbi, na kwa sababu niliweza kusoma maandishi ya kwenye paneli. Kama kulikuwa na sababu nyingine, ya huruma, hakuitaja.

Chini ya ngazi pale ndipo tulipofanyia kazi na ndipo tulipolia chakula. Mchana ulikuwa ugali wa muhogo na mbaazi, au dagaa siku za heri, bakuli limewekwa juu ya betri. Betri zenyewe za mtambo zilikuwa zimekufa siku nyingi, na za aina yake hazikupatikana tena, kwa hiyo fundi alikuwa ameunganisha betri za pikipiki, mbili, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ukitazama ungecheka. Umeme ukikatika, na ulikatika sana, mtambo ulibaki hai kwa betri hizo. Nilijifunza pale kwamba kazi ya kutunza kitu kikuukuu haina siku ya kumalizika. Unashona hapa, panachanika pale. Fundi hakuwa akilalamika, ila alikuwa na namna ya kuvuta pumzi kabla ya kupanda ngazi ambayo siku hizi naisikia kifuani mwangu mwenyewe.

Tabu yetu kubwa ilikuwa salfa. Miezi ya kipupwe wakulima wa mikorosho hupulizia unga wa salfa mashambani asubuhi na mapema, upepo ukiwa umetulia, na kiwanda kilikuwa kimezungukwa na mikorosho. Unga ule uliingia kila mahali, kwenye uji wetu, kwenye nywele, na ndani ya pua za darini. Pua ikijaa unga inadhani ni moshi. Basi kengele ikawa inalia asubuhi, inalia saa ya chai, inalia meneja akiwa na wageni. Mwanzoni wanawake walitoka mbio. Halafu wakatoka wakitembea. Halafu hawakutoka.

"Fundi, huyu mke wako ameanza tena," Somoe alikuwa akisema kengele ikilia, bila kuinua macho kwenye korosho zake. "Mpe talaka tupumzike."

"Hana kwao, Somoe. Nikimwacha ataenda wapi?"

"Basi mfunge mdomo. Hadija, wewe si ndiye mtoto wake wa kufikia? Mnyamazishe mama yako."

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka. Somoe alikuwa mbanguaji wa haraka kuliko wote, mwenye mabega ya mtu wa jembe na ulimi usiolala. Lakini fundi hakucheka siku ile. Tulipofika chini ya ngazi alikaa juu ya ndoo akaniambia, "Umeona? Wamekaa. Heri tusingekuwa na kengele, wangekuwa wanachungulia wenyewe."

Meneja naye alichoka. Nataka nimwandike kwa haki, maana baadaye watu walimsema vibaya. Kila kengele ilipolia ilibidi kazi isimame, korosho zilizokuwa kwenye mvuke zikapitiliza, na lawama zikamwangukia yeye. Alishuka mwenyewe mpaka chini ya ngazi, akatukuta tunakula, akasubiri tunawe. Akasema, "Bwana Nassoro, nimevumilia. Msimu ukifunguliwa nitakuwa na watu maradufu humu ndani. Ukifika na kengele hii bado inalia ovyo, nakata waya, na wewe na dada huyu mtarudi mtakakorudi."

"Ukikata, hao watu maradufu watajuaje?"

"Watajua kama wanavyojua sasa," meneja alisema. Na ilikuwa kweli.

Pua mpya hazikuwepo. Fundi aliwapigia mafundi wa Dar es Salaam aliowajua, na wote walijibu kwa maneno yaleyale: mtambo huo hautengenezwi tena, ng'oeni wote, fungeni mpya. Meneja hakutaka hata kusikia habari za mpya. Ndipo fundi akakumbuka hoteli moja ya Kilwa Masoko, iliyofungwa baada ya mwenyewe kufariki, ambayo mtambo wake ulikuwa ndugu wa wetu, tumbo moja. Meneja alitupa ruhusa na nauli, nalo nalihesabu upande wake. Tulipofika, mlinzi wa hoteli alitufungulia bila kuuliza sana, akasema chukueni, nani anazitaka takataka hizo, nipeni ya chai tu. Mimi nilishaanza kuweka ngazi. Fundi akaniambia, "Shusha." Akamuuliza mlinzi mali ni ya nani sasa. Ya mjane, Bi Tatu, anauza samaki barabarani Somanga. Basi tukaondoka mikono mitupu, tukarudi Nangurukuru, tukapanda gari jingine la kwenda Somanga, jua la mchana, nami moyoni namwona mzee huyu ananitesa kwa vitu ambavyo hata panya hawavitaki.

Bi Tatu tulimkuta mbele ya karai, anageuza changu. Alikuwa mnene, mtaratibu, na hakuacha kugeuza samaki wake wakati fundi akijieleza. "Pua za moshi," alisema. "Marehemu alizinunua kwa mbwembwe, akaniambia Tatu, sasa tulale. Hazikulia hata mara moja. Nilikuwa nadhani ni pambo."

"Zilikuwa macho, bibi. Hakukuwa na moto tu."

Aliligeuza lile jibu pamoja na samaki wake. Halafu akasema, "Chukueni. Ila msining'olee dari. Na kaeni mle kwanza, mnatisha kwa njaa." Tulikula changu na muhogo wa kuchemsha kwenye kipande cha gazeti, na pilipili ya ndimu iliyonitoa machozi. Ni miaka mingi, nimekula vingi, bado sijala samaki kama yule. Labda ni njaa tu. Sitaki kumsifu Bi Tatu kwa kazi ya njaa.

Usiku tulilala kwa fundi, Mitole, na kesho yake tukarudi hotelini tukazishusha zile pua, tukazifunga moja moja kwenye kanga kuukuu ya mkewe. Kabla ya hapo, jioni ile, nikiwa uani nanawa miguu, nilimsikia mkewe ndani. "Utaacha lini kazi ya kufufua maiti, baba Yusufu? Unakohoa wewe, unahangaikia kengele." Naye akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwishalala nusu, "Nikiona mmoja anatoka nje kwa kuisikia, nitaacha." Mkewe akasema hiyo si kazi ya kuacha, hiyo ni kazi ya kumngoja mtu afe. Nilinawa miguu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kujaribu pua kuna dawa yake ya kupuliza, ya kopo, ambayo Lindi hatukuwahi kuiona. Fundi alitumia udi. Alitia makaa kwenye chetezo, akapanda ngazi, akakiinua chetezo mpaka darini, akaacha moshi upande taratibu, nami nikakaa chini ya ngazi kuangalia kitaa. Ukumbi ulinukia kama nyumba ya harusi. "Leo anamfukizia jini," wanawake walisema. "Fundi, lete na huku kwenye nguo." Baadhi ya pua za Kilwa zilikuwa zimekufa kweli, zilizo hai zilitosha vyumba vyote, chumba cha maganda kikapewa iliyo bora. Kisha kila alfajiri ya salfa nikawa nazivika pua mifuko ya plastiki, na jua likipanda nazivua kabla ya mstari kuanza kazi, wakati bado hakuna mtu ndani. Kengele ikanyamaza. Nilidhani tumemaliza.

Fundi akasema bado, kwa sababu sasa hakuna anayeiamini. Akaanzisha jambo lake: kila Jumatatu, kabla ya kazi, mwanamke mmoja anavunja kioo kwa mkono wake mwenyewe, kengele inalia, wote wanatembea mpaka getini na kurudi. Jumatatu ndiyo siku yake. Ikilia siku nyingine, ni kweli. Wa kwanza alimchagua Somoe, kwa sababu ya ule ulimi. Somoe akajifunga kanga kiunoni, akapiga kioo kwa kiganja. Hakikuvunjika. Akapiga kwa kiwiko. Akavua kiatu akapiga kwa kisigino cha kiatu, na ukumbi ukawa unamhesabia kwa vicheko. Kioo kimetulia. Fundi alikiondoa, akakishika kwa ncha za vidole kwenye mwanga. Kilikuwa kipande cha kioo cha dirisha, kile cha vibao, kinene. Fundi aliyekuwepo kabla yake alikosa vya asili, akakata alichokipata, na kwa macho kisanduku kilikuwa kizima kabisa. Nadhani naye alitaka mema.

Fundi aliacha kila kitu kwa ajili ya vioo vile. Alizunguka mjini mpaka kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa akitengeneza fremu, akatafuta vioo vyembamba vya picha, akavikata kwa kipimo, kisha akachora mstari katikati ya kila kimoja kwa almasi ya kukatia ili kipasuke upesi. Vingine vilimvunjikia mkononi akaanza upya. Nilimwambia, "Fundi, tumeshapata pua. Vioo vya nini tena, msimu umefika?" Akasema, "Pua ni kifaa, Hadija. Mimi mwenyewe siiamini kabisa." Jumatatu iliyofuata Somoe aligusa kioo kwa kiganja, kikaitika mara moja, na akarudi ukumbini anajisifu kana kwamba ameangusha mnazi.

Msimu ukafunguliwa. Meneja alikuja, akasikiliza ukimya, akaondoka bila kukata waya. Alhamisi moja, baada ya sala ya adhuhuri, nilikuwa chini ya ngazi na bakuli la mbaazi mkononi, fundi ametoka kununua waya. Kengele ikalia. Nilitazama paneli, na hili nalikumbuka kuliko yote: kitaa cha chumba cha maganda kilikuwa kimezimika. Kilichowaka kilikuwa cha visanduku vya ujia. Nikatoka, nikamwona Somoe amesimama kwenye ujia, damu inamchuruzika mkononi, na nyuma yake, chini ya mlango wa maganda, moshi mweusi unatambaa sakafuni kama maji. Alikuwa anarudi kutoka msalani. "Si Jumatatu," akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. Na kutoka ukumbini nikasikia viti vinaburutwa. Mtu mmoja anasema, "Leo si Jumatatu jamani, inukeni." Walitoka wakitembea, wengine na watoto mgongoni, nusura niandike, lakini hapana, watoto hawakuruhusiwa ndani, ni mabunda ya kanga niliyoyaona. Walipita mbele ya mlango ule wakiwa wamefunika pua zao kwa mitandio. Wa mwisho alipofika getini, mlango wa maganda ulianguka na ujia ukajaa moto. Chumba kiliungua, na paa la ukumbi upande wa mbele. Mtu hakuungua.

Siku ya pili fundi aliifukua ile pua, bora ya Kilwa, kutoka kwenye majivu ya dari. Akaifungua kwa kisu. Ilikuwa imeungua, lakini ndani, kwenye kona, bado ulionekana utando wa mafuta ya maganda, mzito kama lami. Ilikuwa imekaa wiki zile inavuta hewa ile mpaka ikaziba. Sisi tulikuwa tumeikinga na salfa, hatukufikiria mafuta. Meneja alikuja akampa mkono, akamshukuru kwa pua alizozihangaikia. Fundi akasema, "Pua haikusema kitu, bwana. Ni Somoe." Meneja akaitika, lakini nilimwona hakusikia, alikuwa anatazama paa lake. Habari ikatoka vile alivyoielewa yeye, ikaenda mjini, ikaenda Mitole, na Yusufu, ambaye wakati ule alikuwa mdogo, aliipokea hivyo. Hakuongopa. Kiwanda hakikuezekwa tena. Msimu haukuisha sisi sote tukawa mtaani, waliookoka na waliowaokoa, na kuna waliosema bora kisingeungua kwa salama namna ile; angekufa mtu, angalau wangekuja watu wakubwa kutusikiliza. Fundi aliendelea na mitambo mingine, ya ghala na ya ofisi, miaka mpaka kifua kilipomshinda. Mimi nilienda naye michache tu. Sikuwa na moyo wake, na sidhani nilikuwa na mikono yake.

Leo kwenye gari, mvua inapiga kioo, nilimuuliza Somoe. "Nilitaka kusimama niseme ukweli. Ni wewe, si pua."

"Ungesema ili iweje, Hadija? Mtoto anamsomea baba yake arobaini."

"Lakini si haki. Wewe ndiye uliyevunja."

Akautoa mkono ndani ya kanga, akautazama. Kovu liko kwenye kiganja, limenyooka, jeupe. "Jumatatu ile ya kwanza nilipiga kwa kiganja, nikapiga kwa kiwiko, nikapiga kwa kiatu," alisema. "Unakumbuka mlivyonicheka? Sasa Alhamisi ile, kioo kingekuwa kilekile, ningepiga kwa nini?" Kisha akaegemea dirisha akasinzia mpaka Lindi.

Nimekaa na jibu hilo tangu tushuke. Nadhani nitamwandikia Yusufu habari ya vioo, kwa kuwa baba yake anastahili kusifiwa kwa kile alichokifanya, lakini kila nikianza naona sitaweza kuipanga vizuri, na pengine hatajali. Nitajaribu kesho. Chakula kimeiva, naacha kwanza. Nimerudi mezani: tumekula ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi na kipande cha nyama tulichofungiwa Mitole, na chumvi ilikuwa imezidi; mkwe wangu anasema ni Somoe, Somoe anasema ni mkwe wangu, na wote tumemaliza sahani zetu.